Maswali yenu: Msikiti wa mbao uliohamishwa usimezwe na mto

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu habari ya Masjid Kampung Laut, msikiti wa mbao wa zamani kule jimbo la Kelantan, Malaysia, ambao ulifunguliwa kipande kwa kipande ukahamishwa kutoka ukingoni mwa mto na kusimamishwa upya sehemu nyingine, na hadi leo upo. Basi meseji zimemiminika. Wengine wanataka kwenda, wengine wanabisha kwamba haiwezekani, fundi mmoja wa Keko ananidai maelezo ya kitaalamu, na wapo walioumia na yanayotokea hapa hapa Dar. Ukurasa wote wa leo nimeutoa kwa mada hiyo moja.

SWALI: Assalaam aleikum mwandishi. Mwanangu anasoma Kuala Lumpur, kaniambia niende nikamtembelee mwezi wa kumi na mbili nikae nae wiki tatu hivi. Niliposoma habari ya huo msikiti nikasema lazima nifike niswali japo rakaa mbili. Kwanza niambie ni kweli ulihamishwa au ni hadithi za watu? Pili kutoka kwa mwanangu naendaje, maana mimi ni mtu mzima na miguu inanisumbua. Mama wa Magomeni Mapipa.

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu, na shikamoo. Ni kweli kabisa, siyo hadithi. Msikiti huu mwanzo ulikuwa kijiji cha Kampung Laut wilaya ya Tumpat, ng'ambo ya mto Kelantan ukiwa unatazamana na mji wa Kota Bharu. Mto ule ni mkubwa na una tabia ya kula kingo zake, mwaka 1926 yalikuja mafuriko makubwa ambayo mpaka leo watu wa kule wanayataja, msikiti ukaumia ila ukabaki umesimama. Alafu mwisho wa 1966 kuingia mwanzo wa 1967 yakaja mengine mabaya zaidi, ardhi iliyokuwa imebaki mbele ya msikiti ikawa ndogo kiasi kwamba kila mtu aliona mvua za msimu unaofuata zitaubeba wote. Hapo ndo Chama cha Historia cha Malaysia kikaingia, kikaomba ruhusa serikali ya jimbo, na mwaka 1968 msikiti ukahamishiwa Nilam Puri, upande wa pili wa mto, sehemu yenye chuo cha masomo ya dini. Ulikaa hapo miaka mingi, alafu miaka ya karibuni ukafunguliwa tena ukarudishwa Kampung Laut, Tumpat, na ndo uliko sasa.

Umri wake halisi watafiti hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni wa karne ya 18, wapo wanaourudisha nyuma zaidi kwa sababu umbo lake, hasa lile paa la ngazi tatu, linafanana sana na msikiti mkuu wa Demak kule Java ambao ni wa karne ya 15. Wenyeji wao wana simulizi yao, kwamba kulikuwa na kundi la walinganiaji wa dini waliokuwa wakisafiri kwa jahazi kati ya Java na Champa, ufalme wa zamani kwenye Vietnam ya leo, chombo kikatoboka baharini, wakaweka nadhiri kwamba Mungu akiwafikisha nchi kavu salama basi watajenga msikiti hapo hapo watakapotia nanga, wakafika Kampung Laut. Mimi simulizi hii naipenda na nadhani hata sisi watu wa pwani tunaielewa bila kufafanuliwa, maana nadhiri za baharini babu zetu walikuwa nazo. Inasemekana ulianza kidogo tu, nguzo 4, paa la makuti na sakafu ya magogo ya mpopoo, alafu kwenye karne ya 19 ukapanuliwa zikawa nguzo 20, ukaongezwa dari, mnara wa kuadhinia, ukumbi na tangi la maji.

Sasa safari. Mama yangu hapa nakuomba unisikilize vizuri, usiende Kelantan mwezi wa kumi na mbili. Pwani ile ya mashariki ya Malaysia inapigwa na mvua za msimu kuanzia Novemba mpaka Januari hivi na ndo kipindi cha mafuriko, Desemba 2014 kwa mfano Kelantan ilizama vibaya watu kwa maelfu wakahamishwa makwao. Kama mwanao chuo kinamruhusu, sogeza safari mpaka mwezi wa tatu au wa nne, au nenda hiyo Desemba ukae nae Kuala Lumpur ila Kelantan uiache. Najua inauma lakini kwenda mbali kote huko ukakuta barabara zimefungwa ni kuumia mara mbili.

Ukifika wakati mzuri, njia ya kwako wewe ni ndege ya ndani kutoka Kuala Lumpur hadi Kota Bharu, kama saa moja tu hewani, usikubali mtu akupakie basi maana ni saa nane au zaidi na sehemu kubwa ni milima. Kutoka Kota Bharu mnavuka mto kwa gari mpaka Kampung Laut. Mwanao akuitie gari kwenye simu kwa Grab, ndo wanayotumia kule kama sisi tunavyotumia Bolt. Na kitu kimoja muhimu: mwambieni dereva Kampung Laut, Tumpat, msimwambie Nilam Puri, kwa sababu msikiti umesharudishwa upande wa kijiji chake cha zamani na dereva asiyejua nia yenu atawapeleka ulikokuwa mwanzo wa kuhamishwa, ambako ni ng'ambo nyingine ya mto.

Kabla hujaondoka Dar, kuna fomu ya kuingia nchini kwao inayojazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, tangu 2024 wageni wanatakiwa kuijaza, mwanao anaijua atakujazia. Beba na kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hakuna, utaunganisha Doha au Dubai au Addis Ababa, na ukishafika ujue wao wapo mbele yetu saa 5, kwa hiyo siku mbili za kwanza usingizi utakuja kwa wakati wa ajabu ajabu, pumzika kwanza ndo uende Kelantan. Kuhusu miguu, jua kwamba msikiti umeinuliwa kutoka chini kwa nguzo kwa hiyo kuna kupanda kidogo, mwanao akushike mkono.

SWALI: Mi ni fundi seremala hapa Keko, mbao ndo maisha yangu. Umeandika kwamba msikiti mzima umejengwa bila msumari. Sisi hata kitanda tukikosea maungio kinaanza kulia baada ya miezi tu. Hebu nieleze unashikaje? Na ni mti gani huo unaokaa miaka mia mbili na kitu mchwa wasiumalize?

JIBU: Fundi, swali lako ndo nimelifurahia kuliko yote, maana jibu lake ndo sababu ya huo msikiti kuwepo mpaka leo.

Mti unaitwa cengal, unaota misitu ya rasi ya Malaysia, kwao ni kama mvule na mkongo kwetu kwa heshima ila mzito zaidi, mita moja ya ujazo ikiwa imekauka inafika kilo 900 na kitu, yaani inakaribia tani. Ni mgumu, una mafuta mafuta yake ya asili, na mchwa na kuvu hawaupendi. Wajenzi wa kizamani wa kule nyumba za maana walijenga kwa cengal, boti kubwa pia.

Maungio sasa. Wanachonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, unaingia kwa kubana, alafu wanatoboa kupita zote mbili na kupigilia kigingi cha mti mgumu, pengine na kabari pembeni kukaza. Hilo wewe unalifanya kila siku kwenye viti. Tofauti ni kwamba wao wamelifanya kwenye jengo zima, nguzo kwa mhimili, mhimili kwa kenchi, kenchi kwa paa la juu yake. Na wewe unajua kinachotokea kwa msumari sehemu yenye unyevu: chuma kinapata kutu, kutu inakula mbao iliyokizunguka, tundu linapanuka, baada ya miaka msumari unabaki unacheza ndani. Kigingi cha mti kinavimba na kusinyaa pamoja na mbao iliyokishika, mvua ikija vyote vinavimba, jua likija vyote vinasinyaa, kwa hiyo hakuna anayemuumiza mwenzake. Jengo likitikiswa na upepo au maji viungo vinatoa kidogo kisha vinarudi mahali pake.

Ila utamu upo hapa. Kigingi unaweza kukigonga upande wa pili kikatoka. Msumari ukiung'oa unaharibu mbao, zege ukilivunja umepata kifusi, lakini jengo la vigingi unaanza juu kabisa kwenye paa unashuka nalo, kila kipande unakiandika alama kilipokuwa na kinaangalia wapi, unakipakia, ukifika unaanza chini kwenye nguzo unapanda, mwisho paa. Kilichooza unachonga kingine kwa kipimo kile kile. Wale mafundi wa kale hawakuwa na mpango kwamba siku moja msikiti wao utavushwa mto, walijenga tu kwa namna bora waliyoijua, na ubora huo ndo uliowapa nafasi wajukuu zao mwaka 1968. Kama wangetumia misumari sidhani kama tungekuwa tunaandikiana leo.

Na ukienda angalia pia mambo mawili ambayo seremala atayaona haraka. Sakafu imeinuliwa juu kwa hiyo upepo unapita chini, mbao hazinyonyi unyevu wa ardhi na mchwa akianza kupanda nguzo unamwona. Alafu lile paa la ngazi tatu siyo pambo tu, joto la ndani linapanda na kutokea kwenye nafasi kati ya ngazi na ngazi, watu wakiwa wamejaa Ijumaa hewa inatembea yenyewe. Nchi ile joto lake na jasho lake ni kama Dar ya Februari, kwa hiyo wale jamaa walijua wanachofanya, na mimi kila nikiingia kwenye msikiti mpya wa hapa mjini uliofungwa vioo kila upande huku feni kumi zinahangaika nawakumbuka.

SWALI: Nina wasiwasi wa kidini. Tulivyofundishwa madrasa ni kwamba pakishakuwa msikiti pamekuwa msikiti mpaka Kiyama. Sasa hawa waliuhamishaje? Msomaji, Mtoni kwa Aziz Ali.

JIBU: Mimi siyo mufti na hukumu ya jambo lako mahsusi kamuulize sheikh wako, ila naweza kukueleza wanazuoni walivyolizungumza, na wasiwasi wako ni wa haki kabisa.

Watu wa Malaysia wengi ni Shafi kama sisi. Na kwa Mashafi uliyofundishwa ndo msingi wenyewe, kiwanja kilichowekwa wakfu kuwa msikiti hakiuzwi wala hakibadilishwi hata jengo likianguka. Lakini vitu vya jengo, mbao, mawe, milango, ikiwa msikiti umebomoka na hakuna matumaini ya kuusimamisha pale au inahofiwa vitapotea, wanazuoni wa madhehebu wamesema vinaweza kuchukuliwa vikajengee msikiti mwingine, na wa karibu ndo bora. Ukiangalia kilichofanyika Kelantan ni hicho hicho, mto unakula ardhi, mbao zikaokolewa zikawa msikiti tena. Hazikugeuzwa hoteli wala meza za mtu.

Mahanbali wao wamefungua mlango zaidi, wanaruhusu kuhamisha msikiti ambao manufaa yake yamekatika, na moja ya dalili wanayoitaja sana ni barua ya Sayyidna Umar bin Khattab kwa Saad bin Abi Waqqas kule Kufa, hazina ya waislamu ilipovunjwa na mwizi, akamwagiza auhamishe msikiti na hazina aiweke upande wa kibla cha msikiti, kwa sababu msikitini hakukosi mtu anayeswali. Kwa hiyo jambo hili limejadiliwa tangu zamani sana.

Na kwa sababu umbali waliohama ni mdogo, kibla hakikuwasumbua. Ila wewe ukienda utashangaa kidogo, sisi Dar tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja kwa vile Makka ipo juu yetu, wao wanaelekea magharibi na kupanda kidogo kaskazini.

SWALI: Wanawake wanaingia? Na mavazi je? Dada wa Ilala Bungoni.

JIBU: Wanaingia dada yangu. Kelantan zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni waislamu na ni jimbo linalojiheshimu sana kwa dini, kwa hiyo nenda kama unavyokwenda msikitini kwenu, mwili umesitirika na kichwa kimefunikwa, baibui lako linatosha kabisa hutaonekana mgeni. Kaka zetu waache kaptula hotelini. Picha piga lakini siyo wakati watu wanaswali na usimpige mtu bila kumuomba. Epuka saa ya Ijumaa kama lengo lako ni kutazama jengo, na ujue pia mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, ofisi nyingi zimefungwa siku hizo. Ukimaliza rudi Kota Bharu upite soko la Siti Khadijah, wauzaji karibu wote ni akina mama, utajisikia uko Kariakoo.

SWALI: Mwandishi naomba unisaidie kwa hili kwa sababu linanichoma. Mtaani kwetu kulikuwa na msikiti wa wazee wetu, mlango wa kuchongwa, mihimili ya zamani, mihrabu ndogo nzuri. Kamati ikapata mfadhili, ikaamuliwa kujenga ghorofa. Sikatai, watu wamekuwa wengi. Lakini kwa siku mbili tatu kila kitu kimebomolewa, mlango sijui umeenda wapi, hata picha moja hatuna. Malaysia wanahamisha sisi tunavunja. Tufanyeje? Kijana wa Kigamboni.

JIBU: Kijana wangu, barua yako niliisoma mara kadhaa na nina hakika wako wengi wataisoma wakiwa na msikiti wao mwingine kichwani. Sitalaumu kamati yenu, watu wakiswalia barabarani juani kila Ijumaa lazima mtu afanye kitu, na mfadhili akija watu wanaogopa kumchelewesha. Lakini kuongeza nafasi na kutupa kila cha zamani ni mambo mawili tofauti na tumeyazoea kuyafanya kama jambo moja.

Kwanza jua kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya nchi hii ni ya 1964 na inalinda majengo ya kabla ya 1863, na watu wengi hawajui kwamba inalinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mkono kabla ya 1940. Kwa hiyo ule mlango wenu, kama ni wa zamani kweli, hauwi mali ya mkandarasi wala ya dalali aliyepita na gari. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuuchukua kimya kimya. Ulizieni umekwenda wapi, muanze na mwenyekiti wa kamati kwa adabu, pengine upo kwenye stoo ya mtu hapo hapo mtaani, na ukipatikana unaweza kuwekwa kwenye jengo jipya kuwa mlango wa ndani au wa upande wa wanawake. Hilo halizuii ghorofa hata kidogo.

Kwa wengine ambao msikiti wao bado umesimama na mnasikia fununu za ujenzi, fanyeni haraka sasa hivi kabla ya tingatinga. Piga picha kila ukuta, kila mlango, mihrabu, kisima, ndani na nje, simu yako inatosha. Pima kwa tepu urefu, upana na kimo, andika kwenye daftari. Kaa na wazee muwarekodi nani alitoa kiwanja, nani alijenga, mihimili ilitoka wapi, maimamu ni nani na nani walipokezana. Nakili maandishi yoyote yaliyochongwa. Alafu nendeni kwenye kikao cha kamati na ombi moja dogo ambalo ni vigumu kulikataa: mlango, mihrabu na mbao nzuri zitolewe kwa mkono na fundi kabla ya kubomoa, ziingie kwenye jengo jipya. Ukienda na lawama utafukuzwa. Ukienda na fundi seremala pembeni yako na bei ya kazi mkononi utasikilizwa.

Na usifikiri kuhamisha ni jambo la nchi tajiri kukaa tu na kuamua. Edmonton, Kanada, kuna msikiti wa Al-Rashid uliojengwa 1938, wa matofali huo, ndo msikiti wa kwanza kujengwa nchi ile na akina mama wa kiislamu ndo waliokwenda kumuona meya na kuzunguka kukusanya michango. Baadae ukawa mdogo, wakajenga mkubwa, ule wa zamani ukabaki umeachwa, hospitali ya jirani ikataka nafasi na ukawa unasubiri kuvunjwa. Waliousimamia safari hii ni akina mama tena, walikusanya hela na kubishana na watu mpaka jengo likabebwa likapelekwa kwenye bustani ya makumbusho ya mji, likafunguliwa tena 1992. Kila ninapoisoma habari hii naona kilichookoa ni watu wachache waliokataa kunyamaza mapema, kabla ya siku ya kubomoa. Mkianza siku tingatinga limefika hamtaweza.

SWALI: Yote mazuri lakini Malaysia hela sina. Karibu hapa hakuna msikiti wa mbao wa zamani nikaenda na watoto? Msomaji, Tegeta.

JIBU: Wa mbao wa kale kama ule kwetu hautaupata na sababu ipo. Wazee wa pwani yetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mti waliutumia kwenye milango na kwenye dari kwa boriti za mikoko. Boriti hizo haziendi mbali, kama mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, ndo maana vyumba vya zamani vya Kilwa, Bagamoyo na Unguja vina upana mdogo na misikiti ikawa na safu za nguzo katikati. Jengo la namna hiyo huwezi kulifungua ukalivusha mto. Kilwa Kisiwani bahari ilipoanza kula kingo na magofu, ikawekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, na dawa ikawa kujenga kuta za kuzuia maji, kupanda mikoko na kukarabati pale pale, mpaka ikatolewa kwenye orodha hiyo 2014.

Ila wewe wa Tegeta una bahati kuliko unavyojua. Magofu ya Kunduchi yapo jirani yako kabisa, kuna mabaki ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyokuwa yamepachikwa vyombo vya kauri vya China, ni matembezi ya asubuhi moja. Siku nyingine panda gari la Bagamoyo, ukifika chukua bodaboda au bajaji mpaka Kaole kusini ya mji, kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja unahesabiwa wa karne ya 13, na makaburi yake. Ukijaliwa kuvuka Unguja nenda Kizimkazi Dimbani, kwenye mihrabu kuna maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na bado watu wanaswali humo, kwa hiyo vaeni inavyotakiwa na muulize kabla ya kuingia.

Na kama watoto wanataka kuona mbao na miti inavyojenga nyumba, wapeleke Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, kuna nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zimejengwa kwa namna ya kwao, fito, udongo, makuti na kamba, mtoto anaingia ndani anagusa. Wapo wahudumu wa kuwaelezea, waombe wawaonyeshe kiungo kimoja kimoja kimefungwaje. Nendeni asubuhi kabla jua halijakolea na mbebe maji ya kunywa.